Baiskeli isiyofika Pongwe

Jamani mimi ni mtu wa Tanga, tena Tanga ya Ngamiani, barabara ya 12, mji ambao mtoto anajua kukaa kwenye keria kabla hajajua kutembea. Sasa sikieni ujinga wangu. Mwaka jana niliiuza baiskeli yangu ya Phoenix kwa fundi, nikajiona nshakuwa mtu mzima na heshima zangu, sio wa kukanyaga pedeli juani, nikawa wa bodaboda, dukani boda, msikitini boda, na msikiti wenyewe, ukipiga chafya nyumbani imamu anaisikia.

Basi kitambi kikaota kitambi kingine. Daktari kanipima presha, akaguna. Ule mguno bora angenitukana tu. Mama watoto akasema baba nanihii nenda jimu, wenzio wote wanapiga tizi, haya nikatoa elfu 60 ya mwezi, na boda buku kwenda buku kurudi, nafika kocha, kijana kifua kabati miguu korongo, ananambia anko anza na baiskeli. Nikasema moyoni hiyo tu, si nimezaliwa nayo! Kumbe haina hata tairi. Imekaa sakafuni, unakanyaga nusu saa jasho mpaka kwenye kope, ukishuka unatazamana na ukuta uleule. Yani nimeuza baiskeli inayofika Pongwe huko nje ya mji, nalipia isiyofika hata mlangoni, na naifuata kwa bodaboda.

Ile mashine ya kukimbia ndo usiseme. Usiku nimelala chali magoti yamegoma, nikaingia gugo, nakuta babu yake katokea jela! Mwaka 1818 huko Uingereza injinia mmoja, William Cubitt, aliwatengenezea wafungwa gurudumu la ngazi, wanapanda weee hawafiki popote, ndo adhabu yenyewe hiyo. Wale angalau walihukumiwa. Mie nimejihukumu mwenyewe na risiti ninayo.

Na vyuma je? Babu yangu alibeba matita ya mkonge mpaka bega likaota sugu, ila mwisho wa mwezi alilipwa yeye (kidogo, lakini alilipwa). Mimi nanyanyua chuma, nakirudisha palepale nilipokitoa, halafu nalipa mimi. Kuna dogo mmoja mle ndani tangu nianze sijamuona kanyanyua kitu zaidi ya simu, anajipiga selfi kwenye kioo, tena ndo huyo ananishauri ninunue unga wa protini, kopo moja bei ya beberu, wakati samaki changu wanashushwa soko la Deep Sea kila siku.

Eti pia nitembee hatua 10,000 kwa siku. Nikafuatilia na hilo, nakuta limeanzia Japani 1965, watu walikuwa wanauza kidude cha kuhesabu hatua, wakakiita jina la hatua elfu kumi, namba ikawakaa watu kichwani mpaka leo. Mama watoto anazimaliza kabla ya adhuhuri, kisimani, sokoni, jikoni, na hakuna kocha wa kumpigia makofi.

Sasa Ijumaa iliyopita natoka jimu, hela ya boda sina, miguu inatetemeka kama ndama kazaliwa leo. Mara anapita mzee mmoja mwembamba kama fito, kapakia madafu mpaka baiskeli haionekani, anapiga mluzi. Naangalia ile kengele, naangalia ule mkwaruzo kwenye bomba. Phoenix yangu!

Nikamkimbilia, shikamoo babu, nakuomba nipakie nimechoka, natoka mazoezini.

Marahaba, akasimama. Akaangalia kitambi, akaangalia tairi la nyuma, akaangalia tena kitambi. Akafungua kamba, akanishikisha kole zima la madafu.

"Mazoezi haya hapa mjukuu wangu, nipunguzie mzigo. Mie natangulia, utanikuta Makorora."