Springi Haikatwi, Mwanangu

Ile Corolla 110 niliyoiendesha miaka tisa nilimuuzia mtoto wa kaka yangu mwezi wa pili. Nilimuuzia kwa bei ya shangazi, alipe kidogo kidogo, maana kazi yake ya bandarini bado changa. Jumapili iliyopita akaja nayo kwangu, Chumbageni, hapa Tanga. Niliisikia kabla sijaiona. Kuna tuta dogo la kuingilia mtaani kwetu, mimi nililivuka asubuhi na jioni bila hata kulifikiria. Siku hiyo gari ililikwaruza kwa tumbo mpaka jirani akatoka na kanga ya kichwa mkononi.

"Shikamoo shangazi. Unaionaje?"

Nikaitikia marahaba, nikaizunguka. Imeshuka hata kidole hakipiti kati ya tairi na madigadi. Chini ina spoti rimu za inchi 17. Nikamuuliza kama amenunua springi fupi. "Hapana shangazi, fundi amekata zile zile. Elfu arobaini, zote nne." Alisema kwa furaha ya mtu aliyeokota bei nzuri.

Tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri, na ndiyo maana naandika.

Kijana kutaka gari yake ipendeze si kosa. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba Corolla ya zamani imenyanyuka kidogo, kama mtu aliyekunja suruali kuvuka maji, na ikishuka sentimita mbili inakaa vizuri machoni. Kukubali kwangu kunaishia hapo.

Nilimwambia atoe jeki kwenye buti. Tukainua upande wa mbele kushoto. Tairi ilipoachia ardhi nikapitisha mkono nyuma yake nikaishika springi, ikazunguka. Chuma kinachobeba robo ya gari kilizunguka mkononi mwangu kama bangili iliyolegea. Nikamshika mkono, nikampeleka naye aishike. Kisha nikammulikia kwa simu pale ilipokatwa: ncha ilikuwa ya buluu, ikififia kuwa zambarau, halafu kahawia. Hiyo ni rangi ya chuma kilichoungua.

Springi ya gari hii imevishwa kwenye shokapu, ikabanwa kati ya kisahani cha chini na maunti ya juu, kile kishikizo kinachofungwa kwenye bodi. Haina boliti wala waya wa kuishikilia. Kinachoiweka mahali pake ni ule mbano tu, na urefu wake umepimwa kiwandani ili hata tairi ikining'inia iendelee kubanwa. Ikikatwa, siku tairi inapotumbukia shimoni na shokapu ikanyooka yote, springi inabaki huru. Tairi ikirudi juu, springi inaweza isirudi mahali pake. Sasa fikiria hilo likupate ukishuka kutoka Lushoto kuja Mombo, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde, na mbele yako basi linapanda. Kijana huyu alikuwa amepanga kwenda Lushoto na wenzake watatu mwisho wa mwezi. Gari ya watu wanne na mizigo yao, springi zinazunguka kama bangili.

Halafu imekatwa kwa gesi. Chuma cha springi si nondo. Kinapikwa, kinapoozwa kwa ghafla, kisha kinatulizwa kwenye nyuzi mia nne au mia tano hivi, na humo ndimo kinapopata ile tabia ya kuinama na kurudi. Mwali wa gesi na oksijeni unapita nyuzi 3,000. Pale ulipopita, chuma kimepoteza kile walichokipika: sehemu moja imelegea, sehemu nyingine imekuwa ya kukatika. Inaweza isikatike leo. Itakatika siku umebeba watu.

Na hata angeikata kwa msumeno, taratibu, bila moto, bado hesabu inakataa. Springi ikiwa fupi inakuwa ngumu. Yenye mizunguko sita ukiiondolea mmoja na nusu, inayobaki ni ngumu zaidi kwa theluthi nzima. Shokapu haijui habari hiyo, yenyewe ilitengenezwa kwa springi ya mwanzo. Ndiyo maana gari hizi zinadunda barabarani kama mpira, na kila mdundo unaishia kwenye bushi, boljointi, beringi za tairi na mgongo wako. Tairi nazo zinalala, zinalika upande wa ndani ambako hazionekani mpaka uchungulie. Zile elfu arobaini zitakudai laki nne kabla mwaka haujaisha.

Fundi aliyeifanya kazi hiyo simtaji. Najua atasema mteja ndiye aliyetaka. Lakini fundi naye ana mdomo. Fundi wangu wa zamani pale Ngamiani, Mungu amrehemu, aliwahi kuikataa pesa yangu mbele ya watu. Ilikuwa 2019, nimenunua tairi mbili za mtumba, nzuri kwa macho, kashata zake, yaani meno ya tairi, bado ndefu. Akapiga goti, akafuta vumbi ubavuni kwa kidole gumba, akanionyesha tarakimu nne: 1109. "Wiki ya kumi na moja, mwaka 2009," akasema. "Huyu ana miaka kumi, mama. Mpira ushakauka. Mimi siufungi, na wewe usimpelekee mwingine aufunge." Nilikasirika siku ile, nikaondoka nimenuna. Leo kila nikiinunua tairi naanza kusoma ubavu kabla ya kuuliza bei, na hilo nimelipata kwa mtu aliyekubali kukosa pesa ya siku. Mafundi wa aina hiyo ndio ninaowalilia. Kijana wa miaka ishirini na tatu hajui springi inavyofanya kazi, na hana sababu ya kujua. Anayejua ni aliyewasha gesi.

Sasa rimu. Corolla ile ilikuwa inavaa tairi ya 175/65 ya inchi 14, yaani upana milimita 175, ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu inchi 14; kimo cha tairi nzima ni milimita 583. Alizofunga ni 205/45 za inchi 17, kimo milimita 616. Tairi kubwa inakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko na mshale wa spidi haujui. Ukisoma 50, wewe uko karibu 53, na askari mwenye tochi ya kupima spidi hasomi dashibodi yako. Faini ya elfu thelathini imekwenda. Na ule mpira wa pembeni, unaomeza mashimo kabla hayajafika kwenye rimu, umepungua kutoka milimita 114 hadi 92. Kama moyo umependa rimu kubwa, chukua inchi 15 na tairi ya 185/55: kimo chake ni milimita 584 na nusu, karibu sawasawa na cha mwanzo. Gari itapendeza na mshale hautakudanganya.

Muziki, weka. Ila waya wa amplifaya uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri, si kule nyuma kwenye buti, maana waya ukichubuka katikati ya safari, cha kuzuia moto ni ile fyuzi ya mbele. Taa, usifunge balbu za wati 100 kwenye soketi za wati 60, zitayeyuka. Kama taa zimefifia na kuwa njano, msasa wa maji na kompaundi ya kung'arishia vinatosha, kazi ya asubuhi moja. Ukitaka kubadilisha rangi ya gari, kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi.

Ila kama mtu una laki tatu na gari ya zaidi ya miaka ishirini, na unaishi mji huu, naomba pesa hiyo iende chini ya gari. Tanga tunaishi na chumvi. Ukiiegesha Raskazone jioni moja ya upepo wa kusi, asubuhi pitisha kidole kwenye kioo kisha kionje. Chumvi hiyo hiyo inaingia chini, kwenye mikunjo ya bodi, ndani ya milango, chini ya zulia ambako maji ya mvua yalibaki. Kutu haina kelele. Mimi kila Jumamosi nilikuwa navuta mpira wa maji ya bomba naiosha chini kabla ya juu, na majirani walishazoea kuniona nimelala kwenye mkeka kando ya gari. Wapo wanaopiga oili chafu chini ili kuzuia kutu. Kwenye bati inasaidia kidogo, sikatai, lakini ikigusa bushi za mpira zinavimba na kuoza, kwa hiyo umeokoa bati umeua bushi.

Na breki. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ni maji matupu. Unyevu ukizidi, oili inachemka mapema ukishuka mlima mrefu, pedali inazama, gari haisimami. Kila miaka miwili itolewe yote iwekwe mpya. Hakuna atakayekusifia kijiweni kwa oili mpya ya breki wala kwa bushi mpya. Nayajua hayo. Nilipokuwa na umri wake nami nilitaka kusifiwa.

Tulipoishusha jeki alikaa kimya muda mrefu, ameinama, anafuta mikono ambayo haikuwa chafu. Kisha akasema, "Shangazi, mbona fundi hakuniambia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Tumezunguka maduka ya spea za mtumba siku mbili tukitafuta springi nzima za 110. Za nyuma tumezipata, nimezikagua mzunguko kwa mzunguko na hazina kutu ya kula. Za mbele muuzaji amesema Alhamisi. Rimu za 17 ameshapata mtu wa kuzichukua. Gari iko kwangu chini ya mwembe, imekaa juu ya matofali, funguo ninazo mimi, na yeye anaenda bandarini kwa baiskeli ya baba yake.