Tiketi ya yuro 9 na mkate wa mama

Jana nilitoa koti la baridi kabatini, nikakuta mfukoni tiketi ya Agosti 2022. Yuro 9. Kwa bei hiyo ulipanda basi, tramu na treni za mikoani mwezi mzima, Ujerumani yote. Bei ya gesi ilikuwa imepaa kwa sababu ya vita vya Ukraine, basi kwa miezi mitatu serikali ikashusha nauli, na ushuru wa mafuta pia. Niliishika tiketi ile roho ikiniuma, maana mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, kwetu Kenya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Dhiki ni ile ile. Huku Ujerumani ninakoishi, mkono wa serikali uliingia mfukoni mwangu kuweka, kwetu uliingia kutoa.

Najua nitaambiwa nimeenda majuu nikaota pembe. Hapana. Nasema nililoliishi. Mwaka 2020 kiwandani kwetu saa za kazi zilikatwa nusu, lakini hakuna aliyefutwa. Serikali ilitulipa asilimia 60 ya mshahara tuliopoteza, 67 kwa sisi wenye watoto. Mpango huo wanauita Kurzarbeit, yaani kazi ya saa pungufu. Waliutumia pia 2009, uchumi wao ulipoporomoka kwa zaidi ya asilimia 5, na bado watu wengi wakabaki kazini. Mfanyakazi akibaki na hela, muuzaji naye anauza. Ukimkamua, wa kwanza kufunga kibanda ni mama mboga.

Wengine watanijibu: "Ujerumani ni tajiri, inakopa kwa riba ndogo, sisi deni linatumaliza." Kweli, deni lipo na linauma. Lakini Aprili 2020 Kenya hiyo hiyo, na deni lake, ilishusha VAT kutoka 16 hadi 14, na mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 hakukatwa PAYE, kodi ya mshahara. Januari 2021 unafuu ukaanza kuondolewa. Kwa hivyo msiniambie haiwezekani. Iliwezekana, tuliiona kwa macho yetu.

Wala siwapambi Wajerumani. Ugiriki ilipozama kwenye madeni, serikali ya Berlin ilikuwa mstari wa mbele kudai matumizi yabanwe, na wazee wa Ugiriki wakakatwa pensheni. Ile ni dawa ambayo wao wenyewe hawakuinywa 2009. Ndiyo hiyo hiyo tunayoandikiwa sisi kila IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, inapokuja Nairobi, na viongozi wetu wanatuambia tukaze mshipi.

Vijana wetu waliikataa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja ukitaka hata mkate utozwe asilimia 16. Waliingia barabarani, wengine wakauawa, na mswada ukaondolewa. Sijawahi kujivunia Ukenya wangu kama siku ile, wala kulia kama usiku ule.

Kwa hiyo wewe unayesema hayanihusu kwa kuwa niko Dortmund: mama yangu yuko Nakuru, na mkate anaokunywia chai asubuhi unanunuliwa kwa pesa ninayotuma.