Mzee hakuzimia

Tuanze na hilo. Ile voisi inayozunguka tangu juzi kwenye magrupu ya Kigoma, dakika tatu na ushee za mtu anayecheka kuliko anavyosimulia, inasema nilipokwenda kumpa mzee wetu wa kanisa neno la faraja, Mzee alizimia. Hakuzimia. Alifungua jicho moja. Kati ya kuzimia na kufungua jicho moja pana safari ndefu, na kama mtu ameamua kuniaibisha, aniaibishe kwa vipimo sahihi.

Huyo anayecheka ni mpiga gitaa wetu wa kwaya. Mwekeni pembeni, nitarudi kwake.

Sasa, kosa lenyewe lilianza Jumapili, nikiwa nafundisha vijana. Somo: Mathayo 10:19, "msifikiri-fikiri jinsi mtakavyosema, maana mtapewa saa ile mtakayosema." Na nilifundisha vizuri, hapo sijishushi. Niliwapa Musa analalamika ulimi wake mzito. Niliwapa Yeremia anajitetea kwamba yeye ni mtoto. Nikafika kwa punda wa Balaamu: kama Mungu alimfungulia kinywa punda, wewe ni nani ukose la kusema? Halafu nikateremka nao Ujiji. Nikasema, mwangalieni Stanley. Katoka Bagamoyo Machi 1871, miezi na miezi njiani anamtafuta mtu mmoja, ana muda wote wa kupanga hotuba, anafika hapo Ujiji anatoa maneno manne: "Dr Livingstone, I presume?" Yaani, nadhani wewe ndiye. Unadhani! Mji mzima mzungu ni yeye peke yake, bado unadhani! Vijana wakagonga madawati. Nikawaambia ndiyo faida ya kujiandaa hiyo.

Nimeyasema haya hadharani, mbele ya mashahidi arobaini. Shikilieni hapo.

Alhamisi mzee wetu wa kanisa akaruhusiwa kutoka hospitali. Alipasuliwa ngiri. Jumuiya ikapanga kwenda kumwona kwake Gungu saa kumi, na neno la faraja lilikuwa la Mchungaji, ila Mchungaji alikuwa anarudi kutoka Kasulu na gari limepata pancha ya pili na tairi la akiba lilishatumika kwenye ya kwanza. Akapiga simu: "Kijana wangu, nishikie hapo, dakika tano tu." Tulikuwa tumepanda mishikaki, dereva mbele, mimi katikati, jamaa wa gitaa nyuma na gitaa lake linanigonga kisogo kila tuta. Akaniuliza sikioni, "Umeandaa nini?" Nikamjibu kwa sauti ili na dereva abarikiwe: "Tutapewa saa ile."

Tulipofika, viatu vimejaa mlangoni. Hili naomba mlisikilize kwa makini kwa sababu ndilo utetezi wangu wote. Viatu vimejaa mlangoni. Makochi yametolewa nje. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, kanga mabegani, hawaongei. Runinga imefunikwa kitambaa. Katikati ya sebule pana godoro, na juu ya godoro pana Mzee, kalala chali, blanketi hadi kidevuni, macho kayafumba. Bibi yuko kichwani pake na kipepeo, anampepea. Na mimi mwezi huu nimeshika ibada za mazishi tatu. Tatu! Mdomo wangu ulikuwa kama ng'ombe aliyezoea njia ya kisimani, ukimwachia kamba tu anakwenda mwenyewe.

Nikasimama. "Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Asifiwe tena."

"Amina."

Nikafungua Biblia popote, nikafumba macho, nikangoja nipewe. Kimya. Nikasikia pampu ya maji ya jirani. Nikasikia mtu anameza andazi kwa adabu. Jasho likaanza safari kutoka kwenye kisogo, polepole, likapita kwenye kola, likashuka mgongoni bila haraka, nikalihesabia kila mfupa linaoupita. Mama mmoja akanitia moyo, "Sema, baba." Nikasema moyoni, Bwana, saa ile ndiyo hii. Nikafungua kinywa. Na kinywa kikasema, kwa ile sauti nzito ninayoiweka akiba kwa ajili ya makaburini:

"Ndugu wafiwa."

Kipepeo cha Bibi kikasimama hewani.

Jamani, kuna sekunde ambayo binadamu anaweza bado kuokoka. Ungesema samahani, ungecheka, ungejifanya kukohoa mpaka utolewe nje. Mimi nikaona nirekebishe. Nikainua kidole kama mwalimu na kusema:

"Yaani, wafiwa watarajiwa."

(Hilo, kwenye voisi, jamaa hakuliongeza chumvi. Nililisema. Na acheni kuniita hivyo sokoni Mwanga, muuza dagaa jana kanipunguzia bei huku anafuta machozi.)

Hapo sasa akili ikaondoka kabisa ikaniachia mdomo peke yake, na mdomo unajua mstari mmoja tu unaofuata. "BWANA alitoa," nikasema, "na BWANA ametwaa..." Na chumba kizima, ndugu zangu, chumba kizima kwa mazoea yake, wamama wa mikekani, watoto wa dirishani, mpaka Bibi mwenyewe na kipepeo chake, wakaitikia kwa pamoja:

"Jina la BWANA na libarikiwe!"

Kwenye godoro, jicho la kushoto la Mzee likafunguka. Moja tu. Likazunguka juu ya dari, likashuka ukutani, likanipata.

"Ametwaa nini?"

Hakuna aliyejibu. Meli ya Liemba ilizamishwa humu ziwani mwaka 1916, ikaja kuibuliwa 1924. Miaka minane chini ya maji, imetulia, haiulizwi kitu na mtu. Nikaitamani.

Na sasa tuje kwa jamaa wa gitaa, kwa sababu kuna kipande kimekatwa kwenye ile voisi na nyote mmekipokea hivyo hivyo bila kuuliza. Alipoona nazama, akanyanyua gitaa aniokoe kwa wimbo. Moyo mzuri, nakubali. Lakini na yeye alikuwa kwenye mazishi yale yale matatu. Vidole vikajiendea. Akapiga, na kuanzisha kwa sauti ya kwanza, ule wimbo tunaoimba jeneza likiwa linashushwa. Ubeti mzima! Na wamama wakamsaidia sauti ya pili! Mbona hilo halipo? Mbona dakika tatu zote ni mimi tu?

Tulipofika kwenye kiitikio ndipo tukaona blanketi linatikisika. Bibi akapiga ukelele. Tukajua ndio basi, tumemmaliza. Kumbe Mzee anacheka. Anacheka bila sauti, kajishika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka hadi masikioni, na katikati ya kucheka anagugumia, "Nyuzi... nyuzi zangu... mtoeni huyu!" Bibi akatutoa kwelikweli, mimi kwa kipepeo cha mgongo, jamaa kwa gitaa lake mwenyewe. Maandazi hatukuyagusa. Mchungaji alifika saa moja usiku, akakuta watu mlangoni wamekaa chini wanapumua kwa shida, akadhani ni msiba, akavua kofia.

Ijumaa nilirudi peke yangu kuomba radhi, na samaki kwenye mfuko, migebuka miwili. Safari hii nilikuwa nimeandika, ukurasa mzima, mbele na nyuma. "Shikamoo, Mzee," nikaanza kufunua karatasi. Akanizuia kwa mkono.

"Marahaba. Mwanangu, ile aya uliyowafundisha vijana, uliisoma kuanzia juu?"

Nikasema niliisoma.

"Anza mstari wa kumi na saba. Ni watu wamekamatwa hao, wanapelekwa mabarazani, wanapigwa, hawana nafasi ya kukaa kuandaa. Wewe nani alikukamata? Si tulikualika chai?"

Nikatafuta jibu, kwenye karatasi halikuwemo. Mzee akaniangalia, mdomo ukaanza kumcheza. Akajaribu kuangalia ukutani. Akajaribu kukohoa. "Wafiwa..." akasema, akashindwa kumalizia, akajishika tumbo, na Bibi akatokea jikoni na mwiko mkononi.

Migebuka aliipokea. Mimi kaniambia nisionekane tena hapo mpaka nyuzi zitolewe.