Kiyoyozi Hakileti Hewa Mpya

Majengo mapya ya Mwanza yananishangaza. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka kurudi huko, wote wa bure. Sisi tunapandisha ghorofa la vioo na aluminiamu, tunaziba kila upenyo, tunafunga kiyoyozi ukutani, kisha tunasema jengo lina hewa. Halina. Kiyoyozi cha kawaida huvuta hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha humohumo. Mabomba yanayotoka nje yanapitisha gesi ya kupozea na maji yanayodondoka, si hewa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka walau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu ofisini. Kikao cha watu 20 kinahitaji lita 200. Kiyoyozi kinachangia sifuri.

Kazi hiyo ni ya feni, na wengi tunaijua moja tu: ya kutoa hewa, ile ya chooni au jikoni. Ni rahisi na haili umeme mwingi. Kwa gesti zetu zenye bafu lisilo na dirisha, naiunga mkono bila kusita. Ila feni haitoi hewa ambayo haijaingia. Mlango ukibana hadi sakafuni, itaishia kupiga kelele, au itavuta popote inapopata: harufu ya bomba la maji taka, au hewa ya jiko la mkaa la chumba cha pili. Kaboni monoksidi ya mkaa haina harufu wala rangi, na inaua. Fundi akate mlango kidogo kwa chini, na bomba la feni lifike nje kabisa. Kuna mafundi wanaoliachia juu ya dari (sijui wanadhani mvuke utaenda wapi), mbao zinaoza taratibu.

Mfumo wa kuingiza unafanya kinyume. Feni inavuta hewa ya nje, inaichuja na kuisukuma ndani, ya zamani inatokea penye nafasi. Vyumba vya upasuaji hutumia msukumo huo ili uchafu wa korido usiingie. Vyumba vya kuwatenga wagonjwa wa kifua kikuu hutumia mfumo wa kutoa, hewa yao isisambae. Kwa ofisi za kando ya Barabara ya Kenyatta, penye vumbi na moshi wa pikipiki, ningechagua huu wa kuingiza. Lakini chujio lisafishwe mara kwa mara, hasa wadudu wa ziwani wanapozuka kwa makundi kama mawingu.

Upo pia mfumo wa feni mbili, moja inaingiza na nyingine inatoa kwa kiasi sawa. Ukiongezewa kifaa cha kuokoa joto, hewa inayotoka inaipasha ile inayoingia. Nyumba ya majaribio iliyojengwa Regina, Kanada, mwaka 1977 ilikuwa nacho, na baridi ya kule inaeleweka. Mwanza, mita 1,100 na ushei juu ya bahari, usiku nyuzijoto huwa kama 18, mchana 28. Tuokoe joto gani? Labda hoteli inayowasha viyoyozi usiku na mchana, iokoe ubaridi.

Nyumba ya kuishi kule Isamilo haihitaji makuu hayo. Iwekewe madirisha pande mbili, matofali ya matundu juu yake yenye wavu wa mbu, na feni ya kutoa hewa chooni na jikoni.