Wazo la programu unalo, liko kazini kwako

Wiki hii kuna dada ameniandikia. Amefanya kazi ya kuuza dawa kwa miaka mingi, na sasa kila akifunga duka usiku anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa sababu anataka kuhamia kwenye kazi ya kutengeneza programu. "Kaka, habari za kazi. Masomo nimemaliza ila sina wazo la projekti. Nisaidie hata moja." Kabla ya kunifuata mimi alikuwa ameshauliza kwenye kundi la WhatsApp, akapewa orodha ileile ya siku zote: kikokotoo, orodha ya kazi za siku, programu ya hali ya hewa, mfano wa Netflix.

Orodha hiyo imeniudhi, nasema wazi. Mtu anajua mambo ambayo wahitimu wengi wa kompyuta hawajawahi kuyaona kwa macho, halafu tunamtuma akatengeneze programu ya kusema mvua itanyesha lini. Ana kipi cha kuongeza hapo? Atachukua takwimu za wengine, azipange kwenye ukurasa, na kazi yake itafanana na ya kila aliyefuata video ileile. Akikwama hatajua amekwama wapi, maana hana njia ya kujua jibu sahihi linafananaje.

Hebu tuingie kwenye duka la dawa. Mzigo unakuja kwa boksi. Chukua boksi la paracetamol lenye pakiti kumi za vidonge kumi kumi. Mteja anafika, anataka vidonge viwili tu. Rafuni kulikuwa na maboksi matatu. Sasa kumebaki nini? Asiyejua duka ataandika 2.98 na kuona mambo yako sawa. Kadiri mauzo yanavyoongezeka, desimali zinaanza kumgeuka, kwa sababu kompyuta haizihifadhi kama tunavyoziandika sisi: iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Muuza dawa hawezi kuvumilia kitu kama hicho kwenye hesabu ya jioni. Atakwambia palepale uhesabu kila kitu kwa kidonge, boksi liwe ni jina tu la vidonge mia. Huo ni uamuzi wa kihandisi kabisa, na ameutoa kwenye kaunta.

Njoo kwenye tarehe ya kuisha muda. Dawa ni moja, jina moja, bei moja, lakini rafuni kuna mizigo miwili, na ule ulioingia juzi ndio unaoisha muda mapema. Mwanafunzi atapanga kwa tarehe ya kuingia, cha kwanza kuingia kitoke kwanza, na dawa zitamharibikia. Aliyewahi kutupa dawa zilizopitwa na muda anajua kinachotoka kwanza ni kile kinachokaribia kuisha. Kwa hiyo tarehe haiwezi kukaa kwenye jedwali la dawa. Lazima kuwe na jedwali la pili, la mizigo, na kila mzigo uelekeze dawa yake. Nimeona watu wakihangaika na somo la uhusiano wa majedwali kwa miezi kwa sababu wamepewa mfano wa wanafunzi na kozi ambao hauwagusi popote. Huyu dada analishika somo hilo kila siku kwa mikono yake!

Na si yeye peke yake. Mwalimu aliyewahi kupanga ratiba ya vipindi shule nzima, walimu wachache na madarasa mengi, ameshughulika na tatizo ambalo wataalamu wa kompyuta wanalihesabu kati ya yale magumu. Katibu wa kikoba ana hisa, mfuko wa jamii, faini na marejesho, vyote kwenye daftari moja.

Mnaikumbuka Ushahidi, ile programu ya ramani ya matukio? Januari 2008, Kenya ikiwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, mwanasheria mwenye blogu, ndiye aliyetaka pawe na ramani ya kuonyesha matukio yanatokea wapi. Waandishi wa programu, akiwemo David Kobia, wakaijenga kwa siku chache. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Wazo lilitoka kwa mtu aliyekuwa anaumia na jambo lenyewe.

Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba orodha ya kazi za siku inafundisha kuongeza, kusoma, kubadili na kufuta. Itengeneze mara moja, uendelee mbele. Nakubali pia kwamba wapo waajiri watakaokupa maswali ya algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo, na wasiulize lolote kuhusu duka lako. Lakini hoja ya kwamba "programu za maduka ya dawa zipo tayari" siikubali hata kidogo. Za hali ya hewa hazipo? Dada huyu hatafuti wateja bado. Anatafuta kazi, na mbele ya mwajiri anayeuliza "kwa nini uliweka jedwali hili hapa?" atakuwa na jibu lake mwenyewe, na akibanwa zaidi atakuwa na la kuongeza.

Kinachonisikitisha hasa ni watu kuificha kazi ya zamani kama ni aibu. Wanafuta miaka yao kwenye wasifu ili waonekane wapya. Usiifute!

Kwa hiyo dada yangu, jibu langu ndilo hili. Anza na majedwali mawili, dawa na mizigo, idadi kwa kidonge. Kisha andika swali moja tu ambalo programu italijibu: ni mzigo upi unaisha muda ndani ya siku 90? Mauzo yafuate baada ya hapo. Madeni ya wateja yaache kwanza, na ukiyafikia tunga majina, la mgonjwa halisi lisionekane GitHub, kule utakakoweka programu yako watu waione. Ukikwama kwenye ile mizigo miwili yenye tarehe tofauti, niandikie.