Mzaramo apande basi la wapi?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Hakuna aliyeulizwa kabila lake. Swali hilo liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Wapo wanaotaka lirudi, kwani utalindaje lugha usiyojua inasemwa na wangapi? Wengine hawataki hata kulisikia.

Hao wasiolitaka wana hoja nzito. Ingia nyumba ya kupanga Buguruni: Mhaya kapakana na Mmakonde, Mnyakyusa na Mgogo, choo kimoja. Wakigombana ni kwa sababu ya luku au zamu ya kufagia uwanja, si kabila. Kiswahili ndicho kilichotufikisha hapo, nami sikibadilishi na chochote.

Lakini katika korido hiyohiyo mama anaongea Kihaya na mzazi wake aliyeko Bukoba, simu kaiweka spika. Mwanawe anasubiri amalize, kisha anauliza: "Bibi anasemaje?" Utaambiwa si hasara, Kihaya kipo Bukoba. Ni kweli. Mchaga naye, Desemba ikifika, anapanda basi Mbezi kwenda Moshi, watoto wakakione kihamba, shamba la ukoo, na kusikia Kichaga.

Mzaramo je? Kwao ni hapahapa. Palikuwa kijiji cha Mzizima kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860. Wajerumani wakahamishia makao makuu yao hapa 1891, na tangu hapo mji umezidi kumeza mashamba. Mdundiko, ngoma ya Wazaramo, bado unapita mitaani mwali akitolewa, na vijana wanaufuata kwa shangwe, ila Kizaramo chenyewe kakitafute kwa wazee, Kisarawe huko. Gharama ya umoja wetu haikugawanywa sawa, na hili linaniuma.

Kwa maoni yangu kabila lisirudi kwenye dodoso. Iulizwe lugha: nyumbani mnaongea lugha gani, na mtu aruhusiwe kutaja zaidi ya moja. Watakaosema hilo ni kabila lililopitishwa mlango wa uani wamfikirie yule mtoto wa Buguruni: ni Mhaya, na atajibu Kiswahili.

Kizaramo, hata hivyo, hakina muda wa kusubiri. Sensa huja baada ya miaka kumi. Mzee wa Kisarawe mwenye miaka themanini afuatwe na kinasa sauti mwaka huu.