Meli ikishafunga gati, moshi haukomi

Ukitaja moshi wa dizeli, wengi hufikiria lori linalopanda mlima huku likitema wingu jeusi. Mimi naanza na meli iliyotulia gatini. Injini kubwa imezimwa, lakini zile ndogo zinanguruma usiku na mchana, maana taa, pampu na makontena yenye majokofu yote yanataka umeme. Upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, moshi ule unaingia madirishani mwa watu.

Tangu tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari limeshusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Ni hatua kubwa na naipongeza. Lakini dizeli ya barabarani katika Umoja wa Ulaya hairuhusiwi kuzidi sehemu 10 za salfa kwa milioni. Piga hesabu: asilimia 0.5 ni sehemu 5,000 kwa milioni, yaani meli imeruhusiwa mara 500 ya lori! Kwa nini? Anayevuta hewa hiyo ni mtu yuleyule.

Tena hatuzungumzii harufu mbaya tu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Dawa ya gatini inajulikana: meli ichomekwe kwenye umeme wa nchi kavu. California ilipitisha kanuni hiyo mwaka 2007, ikianza na meli za makontena, za abiria na za mizigo ya baridi. Bandari nyingine zinasubiri nini?

Kwa malori na mitambo, tatizo ni uzee. Tingatinga likitunzwa hufanya kazi miongo kadhaa, kwa hiyo sheria inayobana injini mpya pekee inaliacha lile la zamani lifuke mpaka life lenyewe. Na hata injini mpya huharibiwa. Kichujio cha masizi kikiziba, fundi anakata kopo lake, anakitoa, kisha anachomelea palepale. Kwa nje huoni kitu, na mkaguzi anayetazama kwa macho tu atagonga mhuri. Ujerumani na Uholanzi zilianza mwaka 2023 kupima idadi ya chembe zinazotoka kwenye bomba la moshi la magari ya dizeli yenye vichujio. Huo ndio ukaguzi ninaoutaka, na ufike hadi kwenye maeneo ya ujenzi.

Najua hoja ya gharama, na kwa mwenye lori moja ni hoja ya kweli. Akiambiwa alitupe kesho, familia yake italala njaa. Ndiyo maana napenda walichofanya Los Angeles na Long Beach: kuanzia mwaka 2008 walipiga marufuku malori makuukuu bandarini, wakaweka na ada kwa makontena ili kusaidia kununua mapya. Mzigo ulipie moshi wake, asiachiwe dereva peke yake.